Rollei 35: vituko vya kamera ndogo na asili yake

Ukimwona mtu ukumbini anapiga picha kwa flashi huku kamera kaishika juu chini, usimcheke kabla hujaitazama kamera yenyewe. Ikiwa ni Rollei 35, anajua anachofanya. Kiti cha flashi cha kamera hii kiko tumboni, na mwanga unaotokea chini humpa hata bibi harusi sura ya kutisha watoto: kidevu kinang'aa, kivuli cha pua kinapanda kwenye paji la uso, na ukutani nyuma yake kichwa kinarefuka kuelekea darini. Dawa ni kuipindua kamera.

Wala si flashi peke yake. Wenzo wa kuvuta mkanda wa filamu uko kushoto, wakati dunia nzima inavuta kwa kidole gumba cha kulia. Kikono cha kurudishia mkanda kwenye kaseti kiko chini. Kihesabu picha nacho chini. Kwenye lenzi hutakuta pete ya upenyo (tundu linaloingiza mwanga) wala ya kasi (muda ambao mwanga unaingia). Badala yake kuna magurudumu mawili usoni mwa kamera, moja kila upande wa lenzi. Lenzi yenyewe hukataa kurudi ndani mpaka uwe umevuta mkanda kwa ajili ya picha inayofuata. Mtu aliyezoea Canon au Pentax za zamani akikabidhiwa kitu hiki, dakika za mwanzo atadhani aliyekibuni alikuwa na kinyongo na wapiga picha.

Kamera hii ilionyeshwa mara ya kwanza Köln mwaka 1966, kwenye maonyesho ya Photokina, na pamoja na wadogo zake iliuzwa takriban milioni 2. Idadi hiyo haipatikani kwa kituko. Nikiifungua na kuifunga, nikiipima na kuitumia, naona kwamba karibu kila kinachomshangaza mtu kwenye Rollei 35 kimezaliwa na uamuzi mmoja tu uliofanywa mapema kabisa, na ukishaukubali uamuzi huo, yaliyobaki yanafuata yenyewe. Nasema karibu, kwa sababu kuna makosa mawili matatu ambayo hayana kisingizio hicho, nayo nitayasema.

Baada ya saa za kazi

Heinz Waaske, aliyezaliwa 1924, alikuwa mhandisi mkuu wa Wirgin, kampuni ya mjini Wiesbaden iliyouza kamera za Edixa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 soko la kamera lilikuwa limeshikwa na homa ya udogo, na njia zilizotumika kuipunguza kamera zilikuwa mbili, zote zikianza kwa kuikata filamu. Ya kwanza ni kutumia filamu nyembamba ya milimita 16. Wirgin walikuwa na Edixa 16, ambayo Waaske mwenyewe ndiye aliyeibuni, na huko Braunschweig kampuni ya Rollei ilitoa Rollei 16 mwaka 1963, picha yake ikiwa milimita 12 kwa 17. Njia ya pili ni kubaki na filamu ya kawaida ya milimita 35 lakini kuigawa fremu nusu kwa nusu. Hivyo ndivyo Yoshihisa Maitani alivyofanya kwenye Olympus Pen ya 1959: milimita 18 kwa 24, na mkanda wa picha 36 ukatoa picha 72.

Kwa kuuza, hesabu hizo ni tamu. Kwa picha, si tamu hivyo. Fremu kamili ya milimita 24 kwa 36 ina eneo la milimita za mraba 864. Nusu fremu ina 432. Ile ya Rollei 16 ina 204, yaani chini ya robo. Ukikuza picha ya kuning'iniza sebuleni, unakuza pia kila chembe ya filamu, kila mkwaruzo na kila punje ya vumbi.

Waaske, ambaye alizijua kamera hizi kwa ndani, aliona jambo ambalo wenzake walilipita. Kamera za milimita 16 hazikuwa ndogo kama zilivyodaiwa. Watu waliokuwa wakizinunua hawakuwa na mapenzi na negativu ndogo, yaani ile picha iliyo kwenye filamu yenyewe. Walitaka kitu cha kuingia mfukoni, wakaimeza negativu ndogo kama gharama. Kwa hiyo akaligeuza swali. Wengine waliuliza: picha ipunguzwe kiasi gani ili kamera iwe ndogo? Yeye akauliza: picha ikibaki 24 kwa 36, na mkanda ukibaki ule ule unaouzwa kila duka, kasha dogo kabisa linaloweza kuvifunika ni la ukubwa gani?

Huo ndio uamuzi wenyewe. Vipimo hivyo havikuwa vyake. Fremu ya 24 kwa 36 aliipa umaarufu Oskar Barnack wa Leitz huko Wetzlar, alipoiongeza maradufu fremu ya sinema, na Leica ikaanza kuuzwa 1925. Kaseti ya kutia na kutupa ilikuja 1934 pamoja na kamera ya Retina, kutoka kiwanda cha Kodak cha Stuttgart. Waaske alivipokea vyote viwili kama mjenzi anavyopokea kiwanja: mipaka hii hapa, haisogei.

Alianza kuchora mwaka 1962, nyumbani, baada ya saa za kazi, na vipuri vya kamera ya mfano vikatengenezwa kwenye karakana ya Wirgin. Alipomwonyesha mwajiri wake, Heinrich Wirgin, alipewa habari mbaya kuliko kukataliwa: kampuni ilikuwa imeamua kuacha kutengeneza kamera. Akaipeleka Leitz, wakakataa. Akaipeleka Kodak ya Ujerumani, wakakataa.

Ni rahisi leo kuwacheka waliokataa. Sioni haja. Kodak walikuwa wametoa Instamatic mwaka 1963, kamera ya kaseti maalumu ambayo hata mtoto aliweza kuiweka. Kamera ya kumtaka mtu apachike ncha ya mkanda kwa mkono ilikuwa inakwenda kinyume na biashara yao yote. Leitz walikuwa wanauza Leica ya kubadilisha lenzi, bei ya juu, usahihi wa juu. Kijikamera kisicho na hata kipima umbali, kile kifaa cha kumwonyesha mpiga picha kama amelenga umbali sahihi, kingekaa wapi kwenye kabati lao? Kila nyumba ilikitazama kile kitu kwa miwani ya bidhaa zake.

Mwanzoni mwa 1965 Waaske aliajiriwa Rollei, mjini Braunschweig. Jina rasmi la kampuni lilikuwa Franke & Heidecke, iliyoanzishwa 1920, na umaarufu wake wote ulitokana na Rolleiflex, kamera ya lenzi mbili ya 1929. Waanzilishi wote wawili walikuwa wameshafariki, mauzo ya kamera za lenzi mbili yalikuwa yanashuka, na tangu 1964 uongozi ulikuwa kwa mwanafizikia aitwaye Heinrich Peesel, ambaye alitafuta bidhaa mpya kwa hamu. Machi 1965 aliiona kamera ya mfano ya Waaske, karibu kwa bahati tu, na akaagiza ifanyiwe kazi mara moja. Rollei 16 yao wenyewe ilikuwa haijatamba sokoni. Yaani mtu aliyenunua wazo la Waaske ni yule aliyekuwa na ushahidi dukani kwake kwamba njia ya kuikata filamu haiendi mbali.

Milimita saba

Chukua rula. Kaseti ya filamu ya milimita 35 ina kipenyo cha kama milimita 25. Rollei 35 ina urefu wa takriban milimita 97, kimo cha 60 na unene wa 32, lenzi ikiwa ndani. Ondoa kaseti kwenye unene huo, zinabaki milimita 7 kwa ajili ya ukuta wa mbele, mgongo wa kamera na kila kinachopaswa kuwa katikati. Kwa urefu, ondoa kaseti (25) na upana wa picha (36), zinabaki 36 kwa ajili ya roda inayopokea mkanda, kuta za pembeni na mitambo. Ni kasha linalozidi kidogo tu pakiti ya sigara, na ndani yake hakuna chumba kilicho wazi.

Sasa tia lenzi. Waaske alitumia lenzi ya milimita 40, na kwenye toleo lililoingia sokoni ni Tessar ya Zeiss, f/3.5 (namba ya upenyo; ikipungua, tundu linapanuka), muundo wa vioo vinne ambao Paul Rudolph aliubuni 1902. Lenzi ya milimita 40 inahitaji kukaa kama milimita 40 mbele ya filamu, na kamera nzima ina unene wa 32. Kwa hiyo lenzi lazima itoke nje wakati wa kupiga na irudi ndani wakati wa kubebwa. Hilo si geni. Leica za mwanzo zilikuwa na lenzi za kusukumwa ndani. Lakini shata ya Leica, yaani mlango unaofunguka na kufunga kuipa filamu mwanga, ni ya pazia na iko mbele kabisa ya filamu, na neli ya lenzi ni bomba tupu lenye vioo, husukumwa bila shida. Shata ya pazia nayo inataka roda zake, mapazia yake na gia zake mwilini mwa kamera, na kwenye mwili huu nafasi hiyo haipo.

Ikabaki shata ya majani, ile inayokaa ndani ya lenzi na kufunguka kutoka katikati. Tatizo lake ni kwamba majani yenyewe ni membamba kama karatasi ya chuma, lakini yamezungukwa na pete pana iliyojaa springi, gia na mtambo wa kuchelewesha. Pete hiyo ni kubwa kupita kwenye nafasi iliyopo kati ya kaseti na roda. Shata ya kawaida ya majani ingeacha lenzi imesimama nje daima, na kamera ingekuwa na tumbo.

Shata iliyokatwa vipande viwili

Hapa ndipo ninapomvulia Waaske kofia. Aliigawa shata. Majani na upenyo akayaacha kwenye neli, yaende na kurudi pamoja na lenzi. Mtambo wa kuhesabu muda, zile gia zinazoamua kama majani yatakaa wazi nusu sekunde au sehemu moja ya 500 ya sekunde, akauweka mwilini mwa kamera, umetulia mahali pake. Neli ikipanuliwa na kuzungushwa hadi ijifunge, pande hizi mbili zinakutana na kuwa shata moja. Ikirudishwa, zinaachana.

Ukilielewa hilo, masharti ya ajabu ya kamera hii yanaacha kuwa ya ajabu. Vitu viwili vinavyokutana na kuachana mara kwa mara lazima viachane vikiwa kwenye mkao unaojulikana, la sivyo havitakutana tena. Mkao uliochaguliwa ni ule wa shata ikiwa imekokiwa, yaani springi zake zimekazwa tayari kwa picha, kazi ambayo hufanywa na wenzo ule ule wa mkanda. Ndiyo maana lenzi hairudi ndani kabla hujavuta mkanda. Na lenzi ikiwa ndani, kifyatulio hakibonyei, maana hakuna cha kufyatua. Nusu ya shata haipo kazini.

Utaratibu wa kuifunga ni huu: vuta wenzo, bonyeza kitufe kidogo kilicho paani karibu na kifyatulio, zungusha neli huku kidole kikiwa bado kwenye kitufe, kisha isukume ndani polepole. Mkono ukishazoea, haichukui hata pumzi moja. Asiyezoea huisukuma kwa nguvu, na mafundi wanaijua kazi inayofuata. Ukinunua ya mtumba, jaribu hili kwanza kabla ya kutazama kioo au mikwaruzo: ifungue, ikoki, ifunge, mara kadhaa. Neli inayolegalega au kukwama imeshawahi kulazimishwa.

Paa lilishajaa

Upande wa kulia wa paa la kamera umeshikwa na kifyatulio na kile kitufe cha kuachia lenzi. Katikati kuna dirisha la kipima mwanga. Wenzo wa mkanda ukaenda kushoto, na roda ya kupokea mkanda ikawa kushoto chini yake. Kaseti, kwa hiyo, inakaa kulia.

Kinachofuata ni jiometria tu. Upande wa filamu wenye dawa lazima utazame lenzi. Kaseti ikihamia kulia na mkanda ukienda kushoto, njia pekee ya kuufanya upande huo utazame mbele ni kuigeuza kaseti juu chini. Ikigeuzwa, ile ncha inayopokea kikono cha kurudishia, ambayo kwenye kamera nyingine huwa juu, hapa inatazama chini. Kikono nacho hakina budi kukaa chini. Ukipeleka mkanda kusafishwa utaiona alama ya jambo hili kwenye negativu: namba za ukingoni zimesimama juu chini ukilinganisha na watu waliomo pichani.

Kiti cha flashi kilikosa mahali kwa sababu hiyo hiyo. Paani kuna wenzo, dirisha la mshale wa kipima mwanga, vitufe viwili na dirisha la kuangalizia chini yake. Kukiweka pale kungeongeza kimo, na kimo kilikuwa kimeshapangwa. Kikashushwa tumboni. Kihesabu picha kikakifuata.

Mtu anaweza kusema mbuni mzuri angetafuta njia. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa na kamera hii mkononi, na kila ninapokihamisha kitu kimoja kichwani mwangu, kingine kinatoka nje ya kasha. Angalia pia kwamba vitu vilivyoshushwa chini ni vile visivyohitajika wakati wa kulenga. Kikono kinatumika mara moja kwa mkanda mzima. Kihesabu kinatazamwa mara moja moja. Flashi, kwa mtu anayetembea na kamera ya mfukoni mchana, huenda isiwekwe kabisa. Waaske hakutupa vitu ovyo. Alipanga foleni, na wa mwisho kwenye foleni akapewa nafasi mbaya.

Mgongo nao hauna bawaba. Unafungua kifuli, mgongo unavutwa na kutoka wote, unabaki nao mkononi. Kibao cha kubana filamu ndicho chenye bawaba, unakifungua, unaweka mkanda, unakifunga. Ukiwa mezani, sawa. Ukiwa umesimama kwenye basi au juani, kamera mkono mmoja, mkanda mkono wa pili, mgongo utaushika kwa nini? Wengi huubana kwapani.

Magurudumu ya usoni

Kama neli ya lenzi inaingia ndani, huwezi kuizungushia pete za kasi na upenyo. Zingezama nayo au zingeizuia. Vidhibiti vikahamia usoni mwa kamera, gurudumu moja kila upande wa lenzi. Hili pia lilianza kama ulazima. Lakini hapa ulazima ulizaa kitu kizuri kuliko kile kilichokuwepo, na nadhani ndiyo sehemu bora ya muundo wote.

Shika kamera kifuani, itazame kutoka juu. Namba za kasi unazisoma kwenye ukingo wa gurudumu moja, za upenyo kwenye jingine. Umbali unausoma kwenye pete ya lenzi. Kati yao, paani, kuna mshale wa kipima mwanga na kielekezi chake. Ukizungusha gurudumu lolote kati ya hayo mawili, kielekezi kinasogea, na vikilingana mwanga uko sawa. Mambo yote manne yako mbele ya macho kwa mara moja, na kamera bado haijainuliwa. Unaweza kuwa umesimama sokoni au kwenye kona ya mtaa, ukaiandaa yote bila mtu kuhisi anapigwa picha, ukaipandisha jichoni kwa nukta moja tu ya kufyatua.

Kipima mwanga kilitoka Gossen wa Erlangen, majani ya shata ni ya Compur wa München, lenzi ya Zeiss. Kamera za mwanzo zilichorwa majina hayo yote pamoja na la Rollei, kwa fahari, na ilikuwa haki yao: kampuni iliyokuwa inajaribu kusimama tena ilikuwa imekusanya vipuri bora vya nchi nzima kwenye kitu cha gramu 370.

Kisichokuwemo ni kipima umbali. Dirisha la kuangalizia linakuonyesha fremu tu, angavu na pana. Umbali unaukadiria kwa jicho na kuuweka kwenye pete. Kwa watu wengi hapo ndipo penzi linapovunjika. Hesabu yake ni hii. Kwa f/8 ukiweka mita 3, kila kilichoko kati ya takriban mita 2 na mita 5 na nusu kinatoka wazi. Barabarani mchana huo ni uwanja mpana, ukikosea nusu mita picha haitakusuta. Ukifungua mpaka f/3.5 kwa mita 3 hizo hizo, unabaki na kama mita 2.5 hadi 3.7, bado unaweza. Lakini sogea mpaka sentimita 90, ambao ndio umbali wa karibu kabisa inaoruhusu, na upenyo ukiwa wazi kabisa: unapewa sentimita kama 10, mbele na nyuma zikijumlishwa. Hakuna jicho linalokadiria hivyo. Picha ya uso wa mtoto jioni ndani ya nyumba, kwa kamera hii, ni bahati nasibu.

Mbuni angejitetea kwamba kipima umbali kingehitaji vioo na mikono ambayo kasha halina pa kuiweka. Nakubali. Miaka 13 baadaye, 1979, Maitani alikiweka kwenye Olympus XA, kamera nyingine ya mfukoni ya fremu kamili, lakini XA ilikuwa na elektroniki mahali pa gia na plastiki mahali pa chuma.

Ambayo hayana kisingizio

Betri ni habari nyingine. Kwenye Rollei 35 ya asili betri ya kipima mwanga inakaa ndani, nyuma ya ule mgongo unaotoka wote. Ikiisha katikati ya mkanda, una machaguo mawili: urudishe mkanda kabla haujaisha, au uendelee kwa kukisia. Ukifungua, mwanga umeunguza picha zako. Hapa sikubali kwamba nafasi ilikosekana. Kifuniko cha betri ni kitu kidogo na bapa, kingeweza kutokea hata chini, jirani na kihesabu.

Na betri hiyo haina swichi. Kipima mwanga kiko kazini muda wote ambao kijicho chake kinaona mwanga. Kamera ikikaa rafuni dirishani, inakula betri mchana kutwa bila kupiga picha hata moja. Ikikaa kwenye mkoba wake wa ngozi, inapumzika. Mkoba uliouzwa nayo ulikuwa, kwa kweli, ndiyo swichi.

Aliyerithi kamera hii leo ana shida ya tatu ambayo Waaske hawezi kulaumiwa kwayo. Ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya PX625, volti 1.35, iliyotoa volti hizo hizo tangu siku ya kwanza mpaka inapokufa. Betri za zebaki zilipigwa marufuku kwa sababu ya sumu yake. Ukitia ya kisasa ya volti 1.5 inaingia vizuri, ila mshale unadanganya. Kuna wanaotumia betri za vifaa vya kusaidia masikio, ambazo volti zake ziko karibu na zile za zamani, na kuna vikasha vya betri vya kupunguzia volti. Wengine wanaiacha tupu na kusoma mwanga kwa simu. Shata ni ya springi na gia, haihitaji betri yoyote.

Kutoka Braunschweig hadi Singapore

Mafanikio yalileta hesabu zake. Kamera yenye vipuri vingi vidogo, vya kuunganishwa kwa mkono, ilikuwa ghali kutengenezwa kwa mishahara ya Ujerumani Magharibi. Rollei wakajenga kiwanda Singapore, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rollei 35 ikawa inatoka huko. Wakusanyaji mpaka leo hulipa zaidi kwa iliyoandikwa Ujerumani. Mimi sioni sababu, zaidi ya maandishi. Mpango ni ule ule wa Waaske, na Tessar za Singapore zilitengenezwa kwa leseni ya Zeiss.

Ndugu zake wa bei nafuu, B35 na C35, walitoka 1969 na lenzi ya vioo vitatu iitwayo Triotar. C35 haikuwa na kipima mwanga kabisa. Mwaka 1974 ikaja 35 S, yenye Sonnar ya f/2.8 na vioo vitano, na ile ya Tessar ikaongezewa herufi T. Sonnar ni lenzi bora, hilo halina ubishi, ingawa upenyo wake mkubwa zaidi unaifanya ile bahati nasibu ya sentimita 90 kuwa ngumu zaidi: sentimita 10 zinashuka hadi kama 8. Walimpa mtu asiye na kipima umbali lenzi inayokihitaji zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaja 35 SE na 35 TE. Mshale wa paani ukaondolewa, na badala yake taa ndogo nyekundu na kijani zikawekwa ndani ya dirisha la kuangalizia. Kwenye karatasi ni maendeleo. Mpiga picha hahitaji tena kushusha macho, na waliotoka kwenye kamera za Kijapani walijisikia nyumbani. Mwaka 1981 Rollei ikafilisika, kwa deni la mambo mengi makubwa kuliko kamera hii.

Lakini zile taa zilivunja kitu. Magurudumu yalibaki usoni, yakisomeka kutoka juu, huku jibu la mwanga likiwa limehamia mahali ambapo magurudumu hayaonekani. Ili ujue kama umepatia, inua kamera. Ili ujue umeweka nini, ishushe. Ule utaratibu wa kuiandaa kifuani, faida pekee ambayo ulazima wa neli ulikuwa umeileta bure, ukapotea. Kati ya zote, ningechukua 35 S ya mshale, yenye mkoba wake wa ngozi, na mkanda ukishaisha na kurudishwa kwenye kaseti ningebadilisha betri kabla haijaniomba.